Gari la Zamani au la Karibuni? Mwongozo wa Kuchagua Gari Lililotumika kwa Mfano wa Toyota IST

Mtu anayetafuta gari lake la kwanza jijini Dar es Salaam hufika haraka mahali ambapo fedha aliyonayo inatosha kununua moja kati ya mawili: gari la miaka mingi ambalo mwenyewe analijua na amelitunza, au gari la miaka ya karibuni ambalo bei yake imeshuka kwa sababu ambayo muuzaji haielezi. Mwongozo huu unafuata swali hilo hatua kwa hatua, na mfano wake ni Toyota IST, kwa kuwa ni miongoni mwa magari madogo yanayouzwa na kununuliwa sana jijini humo, na kwa kuwa limetengenezwa katika matoleo mawili yanayolinganishika kwa urahisi. Toleo la kwanza lilitengenezwa Japan kuanzia mwaka 2002 hadi 2007, na la pili kuanzia 2007 hadi 2016.

Jambo ambalo madalali hawalisemi ni kwamba IST nyingi za matoleo yote mawili zina injini ileile, 1NZ-FE ya sisi 1500, inayotumia cheni ya taimingi badala ya mkanda. Zipo za toleo la kwanza zenye injini ya sisi 1300 na za toleo la pili zenye sisi 1800, lakini ile ya 1500 ndiyo utakayokutana nayo mara nyingi zaidi. Tofauti kubwa ya kiufundi imo kwenye giaboksi. Toleo la kwanza lina giaboksi otomatiki ya kawaida yenye gia nne, na la pili mara nyingi lina giaboksi ya CVT, ambayo haina gia za kupandisha na kushusha bali mkanda wa chuma unaozunguka kati ya puli mbili zinazobadilisha upana wake. Kwa hiyo anayelipa zaidi kupata toleo la pili hanunui injini mpya zaidi kwa maumbile. Ananunua bodi ya kisasa zaidi, miaka michache ya uchakavu, na giaboksi ya aina nyingine.

Hatua ya kwanza: Gawa fedha yako kabla ya kwenda kuona gari lolote

Kosa la kwanza hufanyika nyumbani. Mnunuzi ana milioni kumi na mbili, basi hutafuta gari la milioni kumi na mbili, na siku anayolipa hubaki na nauli ya kujazia mafuta tu. Gari lililotumika, hata liwe zuri kiasi gani, hudai fedha katika miezi mitatu ya kwanza, kwa sababu mtu anayekusudia kuuza huwa ameacha kufanya matengenezo tangu siku alipoamua kuuza. Tairi zimeisha, betri inakaribia kufa, breki pedi zimebaki nyembamba kama kadi, na oili haijabadilishwa.

Kanuni ninayoitumia, ambayo ni ya uzoefu wala si ya kitabu, ni kwamba kwa gari la miaka zaidi ya kumi na tano sehemu moja ya tano ya fedha yote ibaki benki, na kwa gari la chini ya hapo ibaki sehemu moja ya kumi. Mwenye milioni kumi na mbili basi anatafuta gari la zamani la bei isiyozidi milioni tisa na laki sita, au la karibuni la bei isiyozidi milioni kumi na laki nane. Ukiona kwamba gari unalolitaka linakula akiba hiyo yote, gari hilo limekuzidi uwezo hata kama bei yake unaimudu. Nilijifunza hivyo kwa kununua gari kwa shilingi yangu ya mwisho na kulilaza uani wiki saba nikisubiri fedha ya kompresa ya AC na shokapu za mbele, huku nikiendelea kupanda daladala kama zamani.

Ndani ya bei weka pia bima na gharama za kuhamisha umiliki. Bima ndogo inayomlinda mtu wa tatu haijali sana umri wa gari. Bima kubwa hutegemea thamani ya gari, na baadhi ya kampuni husita kulikatia gari la zamani sana. Kama unachukua mkopo, muulize afisa wa benki mapema kuhusu ukomo wa umri wa gari wanalokubali, kwa maana huenda swali la zamani au la karibuni likawa limeshajibiwa na benki.

Hatua ya pili: Amua gari litafanya kazi gani na litatengenezewa wapi

Gari la kwenda kazini kutoka Mbezi hadi Posta na kurudi husimama kwenye foleni saa nyingi kila wiki. Kilomita zake ni chache lakini injini, feni na AC hufanya kazi muda wote, na giaboksi hupata joto bila upepo wa kuipoza. Gari la mtu wa Njombe anayekwenda Makambako mara mbili kwa wiki hupata kilomita nyingi kwa mwendo wa kutulia. Ukipewa magari mawili yenye umri mmoja, la pili laweza kuwa na kilomita mara mbili ya la kwanza na bado likawa na afya bora.

Swali la mahali pa kutengenezea lina uzito kuliko watu wanavyodhani. Giaboksi ya gia nne inafahamika kwa mafundi karibu kila mji wa Tanzania. CVT inahitaji fundi anayejua kwamba oili yake ni ya pekee, kwamba kiwango chake katika magari mengi hupimwa oili ikiwa kwenye joto maalumu, na kwamba kuweka oili ya kawaida ya otomatiki ndani yake ni kuiua polepole. Dar es Salaam, Arusha na Mwanza mafundi wa namna hiyo wapo. Ukiishi mji mdogo ulio mbali, toleo la kwanza lina faida ambayo haionekani kwenye tangazo lolote la mauzo.

Kwa upande mwingine, mwenye familia na safari za barabara kuu ana sababu nzuri ya kuegemea gari la karibuni. Bodi zilizobuniwa baadaye kwa kawaida huhimili ajali vizuri zaidi, na mifuko ya hewa ambayo haijafikisha miaka ishirini inaaminika zaidi kuliko iliyokwisha kufikisha. Hili silihesabu kuwa anasa.

Hatua ya tatu: Tenganisha miaka mitatu ya gari moja

Hapa ndipo wanunuzi wengi hupotezwa, na panastahili utulivu. Gari lililotumika lina miaka mitatu tofauti, na muuzaji hukutajia ule unaompendeza yeye.

Wa kwanza ni mwaka wa kutengenezwa. Wa pili ni mwaka wa kusajiliwa mara ya kwanza Japan, ambao mara nyingi hufuatana na wa kwanza kwa miezi michache lakini unaweza kuvuka mwaka. Wa tatu ni mwaka wa kusajiliwa Tanzania, na huo ndio unaoonekana barabarani kwa herufi ya kwanza baada ya tarakimu kwenye namba ya usajili. Watu husema «gari namba D» au «gari namba E» kana kwamba wanataja umri, na bei hupanda kwa herufi hiyo. Lakini herufi inaeleza tu gari liliingia lini kwenye daftari la nchi. IST ya mwaka 2004 iliyoshushwa bandarini hivi karibuni itabeba namba E, wakati IST ya mwaka 2010 iliyoingia mapema zaidi inaweza kubeba namba D. Anayenunua kwa herufi anaweza kulipa zaidi kwa gari lililo kongwe kwa miaka sita.

Hata hivyo herufi si upuuzi mtupu. Gari lililokaa Japan miaka mingi kabla ya kuja limepita kwenye ukaguzi wa lazima wa huko, ambao kwa gari dogo la binafsi hufanyika baada ya miaka mitatu ya kwanza na kisha kila baada ya miwili, na limetembea kwenye lami nzuri. Kwa hiyo gari kongwe lenye namba ya karibuni laweza kuwa na mwili imara kuliko la karibuni lililokwisha kupigwa na mashimo ya hapa kwa muda mrefu. La msingi ni kujua miaka yote mitatu na kuijadili bei kwa kuizingatia yote.

Ili kuipata, anza na kadi ya gari, ambayo huonyesha mwaka wa kutengenezwa. Linganisha namba ya chesesi iliyoandikwa humo na iliyogongwa kwenye bodi, kisha itumie kwenye tovuti zinazosoma namba za chesesi za magari ya Japan. Herufi za mwanzo pekee zinaeleza mengi: NCP60 na NCP61 ni toleo la kwanza, na NCP110 ni la pili. Muulize muuzaji kama ana nakala ya cheti cha kusafirishia gari kutoka Japan. Huko miaka huandikwa kwa zama za wafalme wao, hivyo ukikuta Heisei 17, ongeza 1988 upate 2005, na ukikuta Reiwa, ongeza 2018. Mwisho angalia vitu ambavyo havibadilishwi mara kwa mara, kama vile lebo zilizoshonwa chini ya mikanda ya viti, ambazo mara nyingi zina tarehe. Kioo cha mbele chenye alama zisizofanana na vya pembeni kimebadilishwa, nawe una haki ya kuuliza kilivunjwa na nini.

Mita ya kilomita iache iwe ushahidi wa mwisho, kwa kuwa hurudishwa nyuma kwa dakika chache. Raba ya pedeli ya breki iliyolika upande mmoja, usukani uliong'aa kwa mikono na kiti cha dereva kilichobonyea havikubaliani na kilomita 68,000, hata mita iseme nini.

Hatua ya nne: Kama unaagiza kutoka nje, ushuru uhesabiwe kabla ya kupenda picha

Tanzania haikatazi gari binafsi kongwe kuingia, bali hulitoza zaidi. Ushuru wa forodha ni asilimia 25 ya thamani ya gari pamoja na bima na usafiri hadi bandarini. Ushuru wa bidhaa kwa injini ya sisi 1001 hadi 2000 ni asilimia 5, na juu yake huongezwa ushuru wa uchakavu wa asilimia 15 kwa gari la miaka minane hadi kumi, au asilimia 30 kwa lililozidi miaka kumi. Kisha VAT ya asilimia 18 hukokotolewa juu ya jumla hiyo yote, na tozo ndogondogo hufuata.

Tuchukue gari ambalo Mamlaka ya Mapato (TRA) imelithamini kwa shilingi 5,000,000 lifikapo bandarini. Likiwa chini ya miaka minane, kodi hizo zitafika shilingi 2,743,750. Likiwa kati ya miaka minane na kumi zitakuwa 3,850,000. Likizidi miaka kumi zitakuwa 4,956,250, yaani karibu sawa na thamani ya gari lenyewe. Zingatia kwamba thamani inayotumika ni ile ya TRA wala si ile uliyomlipa muuzaji wa Japan, na kikokotoo chake kipo kwenye tovuti ya mamlaka hiyo bila malipo. Zingatia pia kwamba viwango vinaweza kubadilika kila Julai baada ya bajeti, hivyo hesabu ya mwaka jana isitumike mwaka huu.

Kwa IST hesabu hii ina matokeo ya kushangaza kidogo. Kwa kuwa utengenezaji wake ulikoma mwaka 2016, toleo la pili nalo limekwisha kuingia au linakaribia kuingia kwenye kundi la juu la ushuru wa uchakavu. Unafuu wa ujana ambao toleo hilo lilikuwa nao umefutika, na anayetaka unafuu huo lazima atazame gari la jina jingine kabisa.

Majirani wana utaratibu wao. Kenya haipokei gari lililozidi miaka minane, kwa hiyo Mkenya anayetaka gari kongwe hana budi kulipata kwa mtu aliye nalo tayari nchini, na Uganda iliweka ukomo wa miaka kumi na mitano mwaka 2018. Ukiona gari la bei nafuu lenye usajili wa Zanzibar au wa nchi jirani, nenda forodha kuuliza kinachodaiwa kabla hujatoa hata kianzio.

Hatua ya tano: Piga simu tatu za spea

Kabla ya kulipenda toleo lolote, piga simu kwa wauzaji watatu wa spea, Kariakoo, Gerezani au popote unapoaminiana nao, uwaulize bei ya vitu vitano kwa kila toleo: giaboksi iliyotumika, kompresa ya AC, shokapu mbili za mbele, taa ya mbele na kioo cha pembeni. Taa na kioo nimevitaja kwa makusudi, maana ndivyo vinavyoibwa usiku, na ndiyo sababu magari ya Dar es Salaam huchorwa namba zake kwenye vioo na taa. Andika majibu. Toleo la kwanza lina giaboksi nyingi za mtumba sokoni kwa sababu magari yake mengi yamekwisha kukatwa vipande, ilhali CVT huwa ghali zaidi na iliyotumika ni bahati nasibu, kwa kuwa nayo imetolewa kwenye gari la umri uleule. Bei ya giaboksi utakayotajiwa ndiyo kipimo cha akiba: kama gari la toleo la pili litakuacha bila fedha ya kuibadilisha, hujawa tayari kwa gari hilo.

Hatua ya sita: Likague likiwa limelala

Mwombe muuzaji asiliwashe gari kabla hujafika, kisha gusa boneti. Ikiwa ya moto, uliza kwa nini. Injini yenye tabu ya kuwaka asubuhi hupashwa moto kabla mteja hajatokea, na moshi wa bluu unaotokana na kula oili huonekana vizuri zaidi dakika ya kwanza. Moshi mweupe mzito usiokwisha, hasa ukiwa na harufu tamu, unaonyesha kwamba maji ya rejeta yanaingia kwenye silinda, na hapo mazungumzo yaishe.

Fungua mfuniko wa rejeta injini ikiwa imepoa kabisa, kamwe isiwe ya moto. Ukikuta maji ya bomba yenye kutu badala ya kulanti ya rangi, yaani maji maalumu ya kupozea injini, gari limetunzwa kwa mazoea mabaya. Mafundi wetu wengi wana desturi ya kung'oa themostati, yaani vali inayodhibiti joto la injini, na kuunga feni moja kwa moja ili gari lisichemshe, nao huita hiyo dawa. Magari mengi ya kundi hili hayana mshale wa joto bali taa ya bluu inayozimika injini inapopata joto. Katika hali ya hewa ya Dar es Salaam, taa ya bluu inayoendelea kuwaka baada ya mwendo wa dakika kumi inaleta shaka kubwa kwamba themostati imeng'olewa, na swali linalofuata ni lini gari hilo lilichemsha.

Geuza ufunguo bila kuwasha injini. Taa ya injini na ya mifuko ya hewa lazima ziwake, kisha zizime baada ya muda wake. Ambayo haiwaki kabisa imeuliwa, na anayeua taa anaficha jambo. Fundi wako aje na mashine ya kusoma hitilafu, naye akuambie pia kama kumbukumbu za kompyuta zimefutwa karibuni.

Kwa gari la zamani tumia muda mwingi chini ya gari: kutu kwenye chesesi, hasa kwa magari yaliyotoka sehemu za Japan zenye theluji ambako barabara humwagiwa chumvi au yaliyokaa karibu na bahari, oili inayovuja kwenye sili, busha zilizopasuka na injini mauntini zilizolegea. Kwa gari la karibuni tumia muda huo kwenye bodi na historia, kwa sababu bei yake kushuka kuna chanzo. Angalia mianya kati ya milango na boneti kama inalingana, na boliti za madigadi kama zina alama za spana. Taa iliyochorwa namba isiyolingana na ya gari, au isiyochorwa wakati nyingine zote zimechorwa, imebadilishwa. Inua zulia na utazame reli za viti: tope kavu na kutu mahali ambapo mvua haifiki ni dalili ya gari lililozama, na mabonde kama la Jangwani yamezamisha mengi.

Tairi zina tarakimu nne zilizozungushiwa umbo la yai. 2319 maana yake ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi yenye kashata nene na umri wa miaka minane ibadilishwe pamoja na kipara.

Hatua ya saba: Liendeshe hadi lipate joto

Nusu saa ndiyo kiwango cha chini, na njia iwe na foleni, barabara mbovu na mwinuko. Mwinuko wa Kimara unafaa sana.

Kwa giaboksi ya gia nne, shika breki na uhamishe kutoka P kwenda R na kisha D. Kuchelewa kwa zaidi ya sekunde moja au mbili, au kugonga kama nyundo, ni dalili mbaya. Gia zipande bila mtikisiko. Kwa CVT, ondoka polepole kutoka kwenye kusimama, tena na tena, usikilize kutetemeka katika mwendo wa kilomita 10 hadi 40 kwa saa, mvumo unaoongezeka kadiri kasi inavyopanda, na injini kupiga kelele mlimani bila gari kuvutika. Jaribio hili lirudiwe giaboksi ikiwa ya moto, kwa maana CVT mbovu huweza kuwa na adabu nzuri dakika kumi za mwanzo. Kisha uliza oili yake ilibadilishwa lini na kwa oili gani. Muuzaji wa toleo la pili anayejibu kwamba oili hiyo haibadilishwi kamwe amekujibu kuhusu matunzo yote.

Shokapu, breki na usukani ni vya kutengenezeka katika matoleo yote mawili, hivyo kelele zake zitumie kupunguza bei.

Hatua ya nane: Karatasi

Jina la kwenye kadi lilingane na kitambulisho cha anayeuza. Kama anauza kwa niaba ya mwingine, mwenyewe apatikane au iwepo hati ya uwakili. Angalia faini za barabarani kwenye mfumo wa Jeshi la Polisi, madeni ya maegesho, na uhalali wa bima kwa namba ya gari. Magari ya zamani yaliyopita mikononi mwa watu watatu au wanne bila kuhamishwa jina ni mengi, na kila mkono unaorukwa ni mtu utakayelazimika kumtafuta baadaye. Mkataba wa mauziano uandikwe mbele ya wakili, na malipo yapite benki.

Hatua ya tisa: Weka magari mawili kwenye karatasi moja

Sasa chora safu mbili. Katika kila safu andika bei ya mwisho, matengenezo ambayo fundi ameyaona kwa bei za spea ulizokusanya, tairi na oili zote, bima ya mwaka mmoja, gharama za uhamisho, na akiba uliyoiweka katika hatua ya kwanza. IST ya mwaka 2005 iliyoonekana rahisi zaidi kwa tofauti ya milioni mbili huenda ikabaki rahisi kwa tofauti ya laki nne tu, na hapo la karibuni lina haki ya kushinda. Au huenda la mwaka 2010 likahitaji giaboksi, na tofauti ikageuka upande mwingine kabisa.

Jumla zikikaribiana, mimi huchagua gari ambalo historia yake inathibitika, hata likiwa kongwe kwa miaka mitano. Daftari la matengenezo, risiti za oili na mwenye gari mmoja anayejibu maswali bila kutafuta maneno vina thamani kuliko herufi mpya kwenye namba. Isipokuwa pale ambapo gari kongwe limewahi kuchemsha, au chesesi yake imenyooshwa baada ya ajali: hapo hakuna bei inayonishawishi. Isipokuwa pia pale ambapo watoto watapanda kila siku kwenye barabara kuu, ambapo ningeongeza fedha au ningesubiri miezi sita nipate la karibuni lililo zima.

Muuzaji akikuharakisha kwa kusema kuna mteja mwingine njiani, mwache huyo mteja afike. IST ni nyingi.

Baada ya kulipa, anza uhamisho wa umiliki TRA siku hiyohiyo kama ofisi ziko wazi, ukiwa na kadi halisi, mkataba na namba za TIN za pande zote mbili. Kisha lipeleke gari gereji moja kwa moja: oili ya injini na chujio lake, kulanti halisi, themostati kama haipo, maji ya breki, na oili ya giaboksi inayostahili, yaani T-IV au inayolingana nayo kwa ile ya gia nne, na oili ya CVT iliyotajwa na mtengenezaji kwa toleo la pili. Simama pale fundi anapofungua kopo, usome lebo mwenyewe, kisha andika kilomita na tarehe kwenye daftari jipya na uliweke kwenye droo ya dashibodi.